Kabla uandike malloc, niambie hiyo data itakufa lini

Wasee, hii ni ya wale mnaandika C. Kama wewe ni wa Python tu, kaa hapo hapo, kuna siku itakufikia.

Kila wiki mtu ananitumia lile swali: "Bro, hii niweke kwa staki ama kwa hipu?" Na majibu yanayozunguka ni mawili. La kwanza: staki ni fasta, hipu inakawia, kwa hivyo weka kila kitu kwa staki. La pili: staki ni ndogo, hipu ni kubwa, kwa hivyo piga malloc kila mahali ulale vizuri. Mimi naona yote mawili yanajibu swali ambalo si lenye linafaa kuulizwa kwanza. Swali la kwanza ni hii data ni ya nani, na inakufa lini. Hiyo nilijifunza juu ya paa la ploti, na ngazi ya kuazima, wapangaji wa floo tatu wakiniangalia kutoka chini wakiwa na mitungi mitupu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Mwenye ploti alitaka kujua maji yamefika wapi kwenye tangi bila mtu kupanda juu kila asubuhi. Nikachukua ESP32, nikaiwekea sensa ya kupima umbali kwa sauti na modemu ndogo ya laini ya simu. Maji yakishuka chini ya robo, kifaa kinamtumia SMS, anawasha pampu. Nusu ya pesa mbele, nusu nyingine baada ya mwezi mmoja kikifanya kazi bila shida. Nikaandika kodi kwa wikendi moja, nikajaribu mezani, ikakubali. Nikajiona mimi ndio mimi.

Siku ya kumi na mbili, Jumamosi asubuhi, simu ikalia.

"Kijana, hii mashine yako imelala. Watu hawana maji."

"Pole mzee. Nakuja sasa hivi."

Nilipofika juu, taa inawaka. Sensa inasoma vizuri. Kifaa hakijazima wala hakijajiwasha upya. Kilikuwa tu hakitumi. Nikachomoa waya, nikarudisha, SMS ikaingia papo hapo. Mzee akaniangalia kama fundi wa TV anayepiga kofi kwa kioo. Na ukweli ni kwamba kosa linalopona kwa kuzima na kuwasha ndilo baya kuliko yote, juu ukishawasha umefuta ushahidi wote.

Ushahidi pekee uliobaki ulikuwa kwenye kodi. Hii hapa, nimeipunguza:

char *ujumbe = malloc(512);
if (!ujumbe) return -1;
if (!modemu_tayari()) return -1;
andika_ujumbe(ujumbe);
tuma(ujumbe);
free(ujumbe);
return 0;

Umeona? Mstari wa tatu. Mtandao ukiwa mbaya, funksheni inatoka mapema na free haifikiwi kamwe. Zile baiti 512 zimebaki zimeshikwa, na pointa iliyokuwa inajua ziko wapi imekufa pamoja na funksheni. Hakuna mtu tena duniani anayejua anwani yake. Na nilikuwa nimeweka kwamba ujumbe ukikwama, kifaa kijaribu tena baada ya dakika moja. Sasa piga hesabu na mimi. Hipu iliyokuwa imebaki kwa kifaa baada ya vitu vingine vyote ilikuwa kama kilobaiti 200. Gawanya kwa 512: majaribio 400 yaliyofeli. Dakika 400 ni saa 6 na dakika 40 za mtandao mbovu, zikijumlishwa, hata kama ni robo saa leo na nusu saa kesho. Juu ya paa lile, siku kumi na moja zilitosha.

Na hii ndio sehemu inaniuma mpaka leo. Niliangalia NULL! Ule mstari wa pili ni wa kijana mwenye adabu zake. Kama nisingeangalia, kifaa kingejaribu kuandika kwenye anwani sifuri, ESP32 ingeanguka, ingejiwasha upya yenyewe, na hipu ingerudi safi. Maji yangeendelea. Lakini mimi niliirudishia -1 kistaarabu, kifaa kikaona "aah, mtandao", kikangoja dakika moja, kikajaribu tena, kikakosa memori tena, usiku mzima, kimya. Sisemi usiangalie NULL. Angalia, lakini pia amua utafanya nini ukiipata, juu kurudisha tu -1 kwa mtu ambaye hajali ni kama kumwambia konda kuna tairi imetoka na yeye anaendelea kuitisha nauli.

Sasa rudi kwa lile swali langu. Ule ujumbe ulikuwa wa nani na ulikuwa unakufa lini? Ulikuwa wa hiyo funksheni moja. Ulikuwa unakufa ukishatumwa. Na ukubwa wake? SMS moja ya herufi za kawaida ni herufi 160. Hiyo haijabadilika tangu sijazaliwa. Kwa hivyo nilihitaji baiti 161, moja ikiwa ya ile sifuri ya mwisho, na nilijua hivyo kabla sijaandika mstari wowote. Hiyo 512 nilitoa wapi? Nilinakili mahali. Na malloc nilitumia kwa sababu ilionekana ni ya watu wakubwa. Ukweli mtupu.

char ujumbe[161];

Mstari mmoja. Funksheni ikitoka, itoke mapema, itoke kwa hasira, itoke vile inataka, hiyo nafasi inarudi. Hakuna cha kusahau. Staki inafanya hivyo kwa sababu haitunzi daftari lolote: kila funksheni ikiitwa, kiashiria kimoja kinasogezwa kupisha vigeu vyake, na ikiisha, kinarudishwa. Ndio maana ni fasta, ndiyo. Lakini mimi ningeitumia hata kama ingekuwa inakawia, juu inanisafishia nyumba bila kuuliza.

Hipu ni tofauti. Hipu ni kukodi keja. Unaenda kwa msimamizi, unamwambia unataka chumba cha ukubwa huu, anatafuta kilicho wazi, anakupa ufunguo. Utakaa mwezi, utakaa mwaka, hakuna anayekuuliza. Lakini siku unahama ni wewe wa kurudisha ufunguo. Usiporudisha, chumba kinahesabika kina mtu. Mimi nilikuwa nimekodi keja 400 na sikuwa ninalala hata kwa moja. (Kodi ya kompyuta, kodi ya nyumba. Kiswahili kiliona hii mapema.) Na ukirudisha ufunguo halafu ubaki na nakala yake mfukoni, siku moja unafungua mlango unapata familia ya watu iko kwa meza inakula. Ukirudisha ufunguo huo huo mara mbili, msimamizi anachanganyikiwa anapeana chumba kimoja kwa watu wawili. Hayo yote yana majina ya kutisha kwenye vitabu, lakini ni hayo tu.

Chuoni, kabla niache, malloc tuliifanya kwa karatasi. Chora kisanduku, chora mshale, pata alama zako. Sikumbuki mtu akiuliza kisanduku kinarudi lini. Kwa karatasi hakuna haja, karatasi inakusanywa.

Haya. Ungedhani baada ya hapo nikawa mwerevu. La. Nikaapa sitagusa malloc tena maishani, na nikaenda upande ule mwingine na kichwa chote. Mzee alikuwa ameomba pia kifaa kiweke rekodi ya wiki nzima, aone maji yanaisha saa ngapi. Kipimo kila dakika 5 ni vipimo 288 kwa siku, 2,016 kwa wiki. Kila kimoja baiti 8. Jumla baiti 16,128. Nikaiweka kama safu ya kawaida ndani ya loop(), kwa staki, kwa moyo safi. Nilikuwa nimejaribu hesabu zenyewe kwa laptopu kwanza na zilikuwa poa kabisa.

Kwa kifaa ikaanguka kabla hata ya kipimo cha kwanza. Ikajiwasha, ikaanguka. Ikajiwasha, ikaanguka. Kwa skrini kuna maandishi yanasema Stack canary watchpoint triggered (loopTask), na mimi nimekaa hapo usiku nafikiria ndege gani huyo.

Shida ni hii: "staki" si saizi moja. Laptopu yangu ni ya Linux, na Linux kwa kawaida huachia programu staki ya megabaiti 8. Windows kwa kawaida ni megabaiti 1. Ile taski inayoendesha loop() kwenye ESP32, ukitumia Arduino, inapewa kilobaiti 8. Kilobaiti! Nilikuwa naingiza kilobaiti karibu 16 kwa chumba cha 8. Na ukienda kwa Arduino Uno, RAM yote ya kile kichipu ni kilobaiti 2, staki na hipu na kila kitu mle ndani wakigombania. Kwa hivyo mtu akikuambia "safu ya elfu kumi weka tu kwa staki, haina noma," muulize kwa mashine gani. Hata ndani ya Linux yenyewe ni hivyo. Programu yako inapata megabaiti 8, lakini kodi inayokimbia ndani ya kernel, kwenye prosesa za x86 za biti 64, inapata staki ya kilobaiti 16. Ndio maana mwaka 2018 walimaliza kuondoa humo zile safu ambazo ukubwa wake unaamuliwa programu ikiwa inakimbia, zile za char b[n]. Ukiandika hivyo na n imetoka kwa mtu usiyemjua, umempa kazi ya kuamua staki yako itatoboka lini.

Sasa ile rekodi ya wiki iende wapi? Kwa staki haitoshi. Kwa hipu? Waza. Ni ya nani? Ni ya kifaa chote. Inakufa lini? Haifi. Kifaa kikiwaka iko, kikizima inaenda. Ukubwa wake unajulikana mpaka baiti ya mwisho. Kitu kisichokufa hakihitaji malloc kwa sababu hakitawahi kuhitaji free. Kinahitaji neno moja:

static struct kipimo rekodi[2016];

Na hapa ndio nina kesi na hilo swali la "staki ama hipu". Linakufanya usahau kuna mlango wa tatu. Kitu cha static hakiko kwa staki na hakiko kwa hipu, kimetengewa nafasi yake kabla main haijaanza. Na faida kubwa: kikikataa kutosha, unaambiwa na kompyuta yako wakati wa kujenga programu, ukiwa umekaa na chai, si siku ya kumi na mbili ukiwa juu ya paa. Kina ubaya wake. Taski mbili zikikigusa pamoja bila mpango utajuta, na mtu anayeweka kila kitu static anaishia na kodi ambayo hakuna anayejua nani amebadilisha nini. Lakini kwa vifaa vidogo, mimi huanzia hapo kabla ya malloc.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 2006 Gerard Holzmann wa maabara ya JPL ya NASA alichapisha sheria kumi za kuandika kodi ambayo haifai kufeli. Sheria ya tatu: usiombe memori mpya ukishamaliza kuanzisha programu. Hao ni watu wa vyombo vya angani, ambavyo hakuna mtu wa kupanda ngazi akachomoe waya. Nilipoisoma nilicheka kidogo kwa uchungu.

Ngoja, kabla mtu aniambie nimekuwa mhubiri wa staki: staki si malaika. Tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Cornell anaitwa Robert Morris aliachilia ile minyoo yake kwenye intaneti, na njia moja iliyotumia kuingia ni programu ya fingerd iliyokuwa inasoma maandishi kwa gets kwenye bafa ya baiti 512 iliyokaa kwa staki. gets haiulizi bafa ina ukubwa gani. Inamwaga tu. Ukimwaga kupita ukingo, unaandika juu ya anwani ambayo funksheni inafaa kurudi ikiisha, na hapo programu inarudi pale ambapo mgeni amesema irudi. Ilichukua mpaka C11 kwa gets kutolewa kabisa kwenye lugha. Na hipu nayo ina yake: Heartbleed ya 2014, ambapo OpenSSL iliamini urefu ambao mgeni ametaja, ikamsomea mpaka kilobaiti 64 za memori za jirani kwa kila ombi, na humo ndani kuna nywila na funguo za siri za watu. Moja staki, moja hipu, na kosa ni la ukoo mmoja: mtu hakupima. Kwa hivyo ukiniambia umechagua staki kwa sababu ni "salama," nitakuuliza unaandika ndani kwa snprintf ama kwa sprintf.

Kuna kosa lingine la staki ambalo nimeliona kwa kodi mnazonitumia, zaidi ya mara moja. Unatengeneza char b[161] ndani ya funksheni, unaijaza, halafu unaandika return b. Hiyo ni kama kuacha begi kwa kiti cha matatu, unashuka steji, halafu unampigia rafiki unamwambia, "begi iko kiti namba saba." Kiti kipo. Namba ni ya kweli. Lakini matatu imeenda, na kuna mtu mwingine amekaa. Ubaya ni kwamba wakati mwingine anafika kabla hajakaa mtu na begi anaipata, halafu unaniandikia "kwangu inafanya kazi." Kompaila huwa inakuonya kwa hiyo. Soma maonyo, jamani, si mapambo.

Ukitaka matokeo yatoke nje ya funksheni, kuna njia safi: yule anayeita alete bafa yake na aseme ukubwa, kama snprintf yenyewe inavyofanya. Mwenye kuita ndiye mwenye begi. Anajua mwenyewe anaiweka wapi.

Na hipu? Hipu iko na siku yake, na ikifika usiione dhambi. Unasoma faili ambayo hujui ina ukubwa gani. Unapokea wateja ambao hujui watakuja wangapi wala nani atatoka kwanza. Unajenga mti au orodha inayokua na kupungua. Hapo data inaishi kuliko funksheni iliyoizaa, na hakuna namba ya kuandika kwenye mabano. Piga malloc bila aibu. Mimi nina mazoea mawili tu. Naandika free dakika ile ile ninayoandika malloc, kabla sijajaza katikati. Na funksheni yenye malloc inakuwa na mlango mmoja wa kutokea, hata kama ni kwa goto. Ndiyo, goto. Mtu alikuambia goto ni mbaya, lakini ile kernel ya Linux imejaa goto za kusafisha, na ningekuwa nayo kwa ule mstari wa tatu, mzee asingenipigia Jumamosi.

"Lakini bro, laptopu yangu ina RAM gigabaiti 16, nani anajali baiti 512?" Hii naipata sana. Kwa programu inayokimbia sekunde mbili na kufunga, kweli, hakuna anayejali, mfumo utachukua kila kitu ukiisha. Lakini usizoee. Wengi wetu hatutalipwa kuandika programu za sekunde mbili. Kazi ndogo zinazopatikana huku mtaani ni mita za maji, trakta za kufuatilia pikipiki, taa za sola, mashine za kuuza maziwa. Vitu vinawashwa mara moja na vinatarajiwa kuwa hivyo hivyo mwakani. Huko baiti 512 mara 400 ni floo tatu bila maji.

Ukiwa na ESP32 hapo, jaribu hivi leo: chapisha ESP.getFreeHeap() kila dakika, halafu chomoa antena ya modemu uangalie ile namba. Ikishuka na hairudi, una keja umesahau. Kwa staki, uliza uxTaskGetStackHighWaterMark, itakuambia uliwahi kubakisha nafasi ndogo kiasi gani. Na kwa laptopu, kompaili na -fsanitize=address kabla hujanitumia chochote, tafadhali, inashika karibu haya yote kwa sekunde.

Kifaa bado kiko juu ya lile tangi. Nilikibadilisha Jumapili ile: ujumbe kwa staki, rekodi static, malloc sifuri. Ile nusu ya pili ya pesa mzee alikata kidogo, akasema ni ya mkokoteni wa maji aliolipia Jumamosi. Sikubishana.